Matundu Yasiyo na Vifungo: Kulisoma Shati la Dhifa

Shati hili jeupe nililikuta katika mitumba ya Mlango Mmoja, jijini Mwanza, na muuzaji alilishusha bei kwa kuwa, kifuani, matundu manne yalitazamana na mengine manne bila kifungo hata kimoja. Usomaji wake una mantiki, ila pengo alilolihesabu kuwa dosari ndilo kiini cha fani ya vazi hili. Matundu hayo husubiri vipini, yaani vifungo vya kuchomeka, vyeusi au vya chaza, ambavyo mvaaji huja navyo mwenyewe. Fundi ameliacha shati nusu ili likamilike usiku wa shughuli.

Katika mji ulionawiri kwa pamba ya Usukuma, yafaa kitambaa nacho kisomwe. Ukiliinua shati juani, marinda ya kifuani, yenye upana wa karibu sentimita moja, huuzuia mwanga, ilhali mbavuni kivuli cha kiganja chaonekana upande wa pili. Kwenye kiwiliwili, koti la dhifa huacha wazi kifua peke yake. Kwa hiyo uzito umewekwa panaposomwa na wepesi panapofichwa, mgawanyo ambao mvaaji wa Mwanza, aliyevaa sufu katika joto la ukumbi, ataushukuru kuliko mwenzake wa London. Marinda hukoma juu ya kiuno, kama mshororo unaojua kituo chake, kwani yangeshuka zaidi yangebinuka mtu anapoketi.

Kwenye kola, nachagua ya kulala badala ya ile ya mabawa. Mabawa ni ya koti la mkia na tai nyeupe, ambako kola huwa ndefu na ngumu kwa wanga. Yakipachikwa kwenye shati laini, huigiza ukakamavu ambao kitambaa hakina. Kola ya kulala huufunika mkanda wa tai ya kipepeo na kuliachia fundo nafasi yote. Kafu nazo hukunjwa mara moja zikawa tabaka mbili na kufungwa kwa vipini vyake, zikaitikia kifua kama kina cha mwisho kinavyoitikia kina cha kati.

Fundi cherehani niliyempelekea alikwishatunga uzi kwenye sindano, vifungo vinne vikiwa mezani. Nilimwomba apunguze mikono tu, kafu ichungulie sentimita moja nje ya koti, na matundu ayaache kama alivyoyakuta.