Mzimu na Muuaji

Habari za watoto waliouawa Njombe zilipotufikia hapa Mwanjelwa mwaka 2019, kila msimulizi alikuwa na mchawi wake, wala hakuna aliyeulizwa ushahidi. Wasimulizi hao na wasome Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960. Humo mtu aonekana ameuawa mzimuni. Lakini Bwana Msa hashiki uvumi, bali auliza, apima, hata amfikia muuaji, naye ni binadamu. Twakisifu kwa hayo.

Ila kitabuni fumbo hufumbuliwa. Vijijini mengine hayafumbuliwi. Hapo ndipo msimulizi mwema hujulikana: husema, “Sijui,” asimtaje bibi kizee asiye na hatia.