Tunaendelea: Tahakiki ya Filamu ya "La Petite Vendeuse de Soleil"

Kwa kawaida ukurasa huu wa tahakiki hushughulikia riwaya, tamthiliya na diwani zilizomo katika mihutasari yetu ya masomo. Safari hii tumeamua kuzungumzia filamu, tena filamu isiyo ya Kiswahili. Ni kazi ya Senegal iitwayo La Petite Vendeuse de Soleil, iliyotoka mwaka 1999, yenye urefu wa dakika 45, na ambayo wahusika wake huzungumza Kiwolofu na Kifaransa. Tumeichagua kwa sababu moja tu: imetubadilisha namna tunavyosimama mbele ya darasa, na tunaona haya kidogo kueleza ilivyotokea.

Mwongozaji wake, Djibril Diop Mambéty, alizaliwa mwaka 1945 na kufariki mwezi Julai 1998, kabla filamu hii haijaanza kuonyeshwa. Wanaomfahamu humtaja kwa Touki Bouki ya mwaka 1973, jina ambalo kwa Kiwolofu maana yake ni safari ya fisi, na kwa Hyènes ya mwaka 1992, iliyotokana na tamthiliya ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi. Baada ya hapo alikusudia kutengeneza filamu tatu fupi kuhusu watu wadogo, yaani wale ambao jiji huwapita bila kuwatazama. Ya kwanza, Le Franc, ilitoka mwaka 1994. Ya pili ndiyo hii. Ya tatu haikutengenezwa kamwe. Kwa hiyo tunachokizungumzia ni kipande cha kazi isiyokamilika, kilicho kifupi mno kwa jumba la sinema na kirefu mno kutangulizwa mbele ya filamu nyingine. Si ajabu kwamba kimesahaulika. Waliobahatika kukiona, hata hivyo, hawakisahau.

Kisa chenyewe ni chepesi. Sili Laam ni msichana mdogo anayetembelea magongo. Anaishi katika mtaa wa mabanda pembezoni mwa Dakar, na bibi yake, ambaye ni kipofu, huimba barabarani ili apate sadaka. Siku moja Sili anasukumwa na wavulana wauza magazeti, anaanguka. Anaamua kwamba naye atauza magazeti, kwa kuwa lile wanaloliweza wavulana na wasichana wanaliweza. Anapewa nakala 13 za Le Soleil, gazeti la serikali. Mtu mmoja mwenye fedha anazinunua zote kwa mkupuo. Askari anapomwona mtoto maskini ana noti kubwa mkononi anamshuku kuwa ni mwizi. Sili hakimbii. Anakwenda naye mpaka kituo cha polisi, anajieleza kwa mkubwa wa kituo, kisha, akiwa ameshaachiwa, anamtetea mwanamke mwingine aliyewekwa ndani kwa tuhuma za wizi. Akitoka hapo anamnunulia bibi yake mwavuli wa kumkinga na jua. Anapata rafiki, Babou, anayeuza gazeti la Sud. Mwishoni wavulana wanampokonya gongo lake moja.

Tusimame kidogo kwenye jina la filamu, maana sisi ni walimu wa lugha na hatuwezi kulipita. Soleil kwa Kifaransa ni jua, na papo hapo ni jina la gazeti. Tulipowapa wanafunzi kazi ya kulitafsiri, mmoja alipendekeza "Binti Muuza Jua", likapatikana jua, gazeti likapotea. Mwingine alipendekeza "Binti Muuza Gazeti la Le Soleil", gazeti likabaki na jua likazama. Tulibishana saa nzima. Binafsi tunapendelea la kwanza, kwa kuwa filamu nzima imejaa mwanga mkali wa mchana, na mwavuli wa bibi hauna maana pasipo jua hilo.

Sasa tuje kwenye hoja yetu. Tulivyozoeshwa, filamu inayosemekana kubadilisha watu ni ile ambayo mhusika mkuu anabadilika: mlevi anaacha pombe, mtoto mtukutu anarudi shule, tajiri mchoyo anatubu. Mtazamaji anaambiwa, nawe fanya vivyo hivyo. Filamu hii haiko hivyo hata kidogo. Sili habadiliki. Yule anayeanguka mwanzoni na yule anayeporwa gongo mwishoni ni mtu yule yule, kwa uso ule ule, kwa mwendo ule ule. Wanaobadilika ni wanaomzunguka. Askari analazimika kumsikiliza. Bibi anakaa chini ya mwavuli. Babou, ambaye angeweza kubaki upande wa wenzake, anahamia upande wake. Na wa mwisho kubadilika ni yule aliyekaa gizani akitazama.

Mambéty anafanikisha hilo kwa mbinu ambayo mihadhara yetu ya fani na maudhui huwa haina kisanduku cha kuiweka. Anaturefushia mwendo. Kamera inamsubiri Sili avuke barabara. Inasubiri gongo, kisha mguu, kisha gongo jingine. Mara ya kwanza mtazamaji anaona huruma, mara ya tano anaona uchovu, na ikifika mara ya kumi anagundua kwamba pumzi yake imeanza kufuata mwendo ule. Hakuna anayetuhubiria kuhusu ulemavu wala haki za mtoto wa kike. Lissa Balera, mtoto aliyeigiza nafasi ya Sili, anatabasamu mara chache, na kila anapotabasamu ni kwa sababu yake mwenyewe, si kwa ajili yetu.

Hata siasa imewekwa mahali pake. Mwezi Januari 1994 thamani ya faranga ya CFA ilipunguzwa kwa nusu mbele ya faranga ya Ufaransa, na nchi kama Senegal ziliumia sana. Ndani ya filamu kuna kichwa cha habari kinachotangaza kwamba Afrika inatoka katika eneo la faranga, na gazeti siku hiyo linanunuliwa haraka. Babou anamweleza Sili kwamba Sud ndilo gazeti la wananchi. Sili anajibu kuwa ataendelea kuuza Soleil ili serikali iwe karibu zaidi na wananchi. Tumelifikiria jibu hilo mara nyingi na bado hatujaamua kama ni utani, unyofu wa kitoto au maarifa ya hali ya juu. Pengine ni yote matatu.

Tulisema tunaona haya. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani tangu enzi za mababu. Alikuwa akizungumza upesi, bila woga, kuliko wenzake wote waliojifunzia lugha hii darasani. Siku moja alisema "kitabu yangu". Tulimsimamisha, tukamtaka arudie mara tatu kwa upatanisho sahihi wa ngeli, darasa likacheka, nasi, tuseme ukweli, tukatabasamu. Hakunyanyua mkono tena muhula ule. Muhula uliofuata alihamia idara nyingine. Tulijiambia kwamba hakuwa na nia.

Filamu hii ilitufikia baadaye, kwa mkono wa mwenzetu mmoja aliyerudi na nakala yake. Tuliionyesha darasani kujaza kipindi ambacho mgeni wetu hakufika. Katika tukio la kusukumwa kwa Sili, wanafunzi waliguna. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma, karibu na mlango, na tulijikuta hatuwatazami wavulana wale kama wengine wanavyowatazama. Tuliwatambua. Wana haraka, wanaijua kazi, barabara ni yao tangu zamani, na huyu mtoto anawazibia njia. Hawajioni kuwa ni wabaya. Hilo ndilo lililotuuma.

Tangu siku hiyo tumeacha kumkata mtu kauli. Mwanafunzi huzungumza mpaka amalize, makosa tunayaandika, na tunayajadili kwa pamoja mwishoni bila kutaja nani kasema nini. Lugha sanifu tunaifundisha kama zamani, na mitihani yetu haijalegezwa. Wapo wenzetu katika idara wanaoona tumelainika mno, na hoja yao si dhaifu: mwalimu wa kesho akitoka hapa na ngeli zilizovurugika atazivuruga shule nzima. Tunakubali. Ila aliyenyamazishwa hatakuwa mwalimu wa chochote.

Filamu ina upungufu wake. Kuuza nakala zote 13 kwa mteja mmoja ni bahati ya kihekaya, na mtazamaji mkali ana haki ya kulalamika. Sisi tunaisamehe kwa kuwa Mambéty mwenyewe anatudokeza kwamba tumo ndani ya hekaya: yumo sungura Leuk, ndugu wa sungura wetu, na mwisho sauti inakitupa kisa baharini kama wafanyavyo wasimulizi wa huko. Aliyekulia kwenye "paukwa, pakawa" hatapotea njia.

Lalamiko zito zaidi ni la mwisho wenyewe. Baada ya gongo kuibwa, Babou anamuuliza Sili wafanye nini, naye anajibu: tunaendelea. Babou anambeba mgongoni, na wavulana wanasogea kando kuwapisha. Tulipoionyesha filamu mara ya pili, mwaka uliofuata, mwanafunzi mmoja wa kike alisema ameudhika. Dakika 40 msichana ametembea kwa miguu yake na magongo yake, kisha mwisho anabebwa na mvulana. Wengi waliafiki, na sisi tulikuwa tunaelekea kuafiki.

Mara hiyo tulikuwa tumemwalika yule mwanafunzi wetu wa Buyenzi. Tulikutana naye ukumbini, tukamwomba radhi, akapokea kwa adabu bila kusema mengi. Hatukujua kama angekuja. Alikuja, akakaa nyuma. Mjadala ulipofika hapo alinyanyua mkono na kusema, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba wenzake hawakusikiliza vizuri. Babou hakumbeba tu. Aliuliza kwanza.

Akatutazama, akaongeza, "Si ndiyo, Mwalimu?"

Tukasema ndiyo.