Dh na Th: Sauti Mbili Zinazohukumu Wanafunzi Wetu

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Bujumbura, Kigali, Bukavu au Lubumbashi hakosi kukutana na mwanafunzi asemaye "zahabu" badala ya dhahabu, "feza" badala ya fedha na "hadisi" badala ya hadithi. Desturi iliyoenea ni kumkatiza papo hapo, kumrudishia neno mbele ya wenzake, na mara nyingine kumwacha achekwe. Tumeona vyema kuihakiki desturi hiyo, kwani twaamini kwamba huharibu kuliko inavyotengeneza. Lakini kabla ya kuihukumu, yatupasa kwanza kujua sauti hizi mbili ni za namna gani, na zimekaaje katika lugha za wanadamu.

Dh na th ni ndugu. Zote mbili hutamkwa kwa kuisogeza ncha ya ulimi kwenye meno ya juu bila kuziba njia, hata pumzi ikapita kwa kujipenyeza. Tofauti yao ni moja tu: katika dh koo hutetemeka, katika th halitetemeki. Ukiweka vidole kooni utaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa na mtu.

Sauti hizi ni adimu. Wataalamu waliolinganisha mamia ya lugha za dunia wameziona katika lugha chini ya moja kwa kila kumi. Kifaransa hakina, wala Kijerumani, wala Kirusi, wala Kijapani. Kwetu, Kirundi, Kinyarwanda, Kiganda na Lingala hazina. Miongoni mwa lugha zilizo nazo ni Kiingereza, Kigiriki, Kiwelisi, Kiarabu cha fasihi, na Kialbania, ambacho huziandika dh na th kama tuziandikavyo sisi. Watu wa Iceland wamehifadhi hata leo herufi mbili maalumu kwa ajili yake. Nako Uingereza, ambako sauti hizi ni za kuzaliwa nazo, watoto huzipata mwishoni, baada ya kuzimudu karibu sauti nyingine zote. Ikiwa mtoto wa London huchelewa kuzipata, tunastaajabu nini kwa kijana wa Ngozi au wa Uvira?

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba ulimi wa Kibantu hauziwezi. Kikuyu ni lugha ya Kibantu, nacho kina sauti ya dh, ijapokuwa huiandika kwa herufi th. Suala si ulimi wa kabila hili au lile, bali ni mazoea ya lugha aliyoinyonya mtu utotoni.

Katika Kiswahili, maneno yenye sauti hizi kwa sehemu kubwa yametoka katika Kiarabu. Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hulipita bila kulitazama. Kiarabu cha fasihi kina herufi tatu, dhali, dhadi na dha, kila moja na matamshi yake. Dhahabu imetoka kwa ile ya kwanza, fedha na ardhi kwa ile ya pili, adhuhuri kwa ile ya tatu. Waswahili walizipokea zote tatu wakazifanya sauti moja. Yaani Kiswahili chenyewe, tena cha pwani, kilikwisha kurahisisha kabla ya kufika kwetu, na hakuna aliyekilaumu kwa uzito wa ulimi.

Si hayo tu. Katika kitunguu saumu, neno la Kiarabu lilikuwa na th mwanzoni. Kiswahili sanifu kikaifanya s, hata neno likafanana kabisa na saumu ya Ramadhani, na mpaka leo hatujasikia mtu aliyefuturu kwa kosa hilo. Vivyo hivyo sumuni na thumuni ni neno moja lililovaa nguo mbili.

Tukitoka nje ya Kiswahili twakuta hayo hayo. Mturuki na Mwajemi walipochukua maneno ya Kiarabu waliigeuza dh kuwa z na th kuwa s. Wao husema "Ramazan", na Mturuki husema "hadis". Hata Cairo, katika mji wenye Chuo cha Al-Azhar, watu wa kawaida huiita dhahabu kwa d tupu, na hesabu ya tatu huitamka kwa t. Basi mwanafunzi wa Bukavu asemaye "hadisi" hakuvumbua uzembe mpya. Amepita njia iliyopitwa na mataifa yenye maktaba na mashairi ya karne nyingi.

Je, tuseme basi kila mtu aandike atakavyo? La hasha. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ulichaguliwa kuwa Kiunguja katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kimezitenga sauti hizi, na utengano huo hubeba maana. Kumzuru mtu ni kumtembelea. Kumdhuru ni kumtia hasara. Zana ni vifaa, dhana ni wazo. Samani ni viti na meza, thamani ni bei au heshima ya kitu. Kurithi si kuridhi. Katika maongezi, muktadha huokoa: mgeni akibisha hodi akasema amekuja kutuzuru, hatutauliza kama ameficha kisu. Lakini barua ya kuomba kazi, hati ya mahakama na karatasi ya mtihani havina sura wala mikono ya kusaidia maana. Tangu Rwanda na Burundi zilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007, na Kongo ya Kinshasa mwaka 2022, maandishi ya vijana wetu yanasomwa na watu wasiowajua. Asiyefundishwa mpaka wa z na dh katika kuandika amenyimwa haki yake.

Kwa hiyo lawama yetu haiuhusu utengano wenyewe, bali namna unavyofundishwa. Tuna mambo matatu ya kukosoa.

La kwanza ni vitabu. Vipo vitabu vya sarufi vinavyoeleza dh na th kwa kutoa mfano wa maneno ya Kiingereza. Maelezo hayo huenda yakamfaa msomaji wa Nairobi. Kwa mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa, lugha isiyo na sauti hizo, ni kumwonyesha njia kwa taa iliyozimika. Ulimi, meno na koo anavyo mwenyewe. Ndivyo vielezo bora.

La pili ni hofu. Mwanafunzi aliyechekwa kwa kusema "zambi" hujifunza jambo moja tu: kwamba z ni ya aibu na dh ni ya wasomi. Matokeo yake tunayajua sote: huanza kuitia dh kila mahali, akasema "dhamani" kwa zamani, "dhaidi" kwa zaidi, na "thabuni" kwa sabuni. Kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilikuwa na kanuni na hili halina kanuni yoyote.

La tatu ni hukumu zetu juu ya ushairi. Mshairi wa Kongo akimaliza mshororo kwa "fedha" na mwingine kwa "kuweza", msahihishaji hupiga mstari mwekundu na kuandika kwamba kina kimevunjika. Kwa sikio la Unguja kimevunjika kweli. Kwa sikio la Lubumbashi ni kina kamili, -za kwa -za. Twaona kwamba mhakiki mwadilifu auulize utungo wenyewe: je, umeshika matamshi mamoja tangu mwanzo hadi mwisho? Ukiwa umeyashika, tuseme una vina vya kwao. Lakini mshairi anayevina fedha na kuweza katika ubeti mmoja, kisha akazitenga z na dh katika ubeti wa pili, huyo amekosa popote atakaposomewa.

Wasemao Kihispania wametutangulia katika hili. Huko Madrid, neno la mawindo na neno la nyumba hutofautishwa kwa th na s. Katika nchi za Amerika ya Kusini hutamkwa sawa, kwa s. Wote hata hivyo huziandika herufi mbalimbali, na Gabriel García Márquez, aliyezaliwa Kolombia na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, hakuombwa kubadili ulimi kwanza. Mwandiko mmoja, matamshi zaidi ya moja: utaratibu huo umewatosha mamia ya mamilioni ya watu.

Nasi twapendekeza hivi. Mwalimu aanze na sikio: atamke zuru na dhuru, zana na dhana, samani na thamani, na wanafunzi waseme wamesikia lipi. Kisha waende kwenye ulimi, kila mmoja na kidole chake kooni, bila wa kuchekwa. Mwandiko ufundishwe kwa jamaa za maneno, ridhi na ridhaa, radhi na maridhiano pamoja, ili jicho lisaidie pale sikio linapositasita. Alama za imla zitengwe na alama za matamshi. Na anayeandika dhahabu sawasawa huku akiitamka kama mama yake alivyoitamka, apewe alama zake zote za imla.