Kuuona Moyo Ukipiga

Upigaji picha za moyo ni ubobezi wa tiba ambao sehemu kubwa ya ustadi wake imo mkononi. Mgonjwa hulalia ubavu wa kushoto, jeli ya baridi hupakwa kifuani, na mpimaji hutafuta upenyo kati ya mbavu, kwa sababu mfupa na hewa ya mapafu huzuia mawimbi ya sauti. Mgonjwa akitoa pumzi na kuibana, pafu husogea, moyo ukaonekana kwa sekunde chache. Kiganja kikipinda kidogo tu, chumba cha moyo huonekana kifupi kuliko kilivyo, na ugonjwa wa nchani ukapita bila kuonwa. Mashine ni ileile. Picha ya fundi na ya mwanagenzi hazifanani.

Chimbuko la kazi hii linagusa karakana ya meli. Daktari Inge Edler wa Lund, Sweden, alitatizwa na wagonjwa waliobanwa valvu ya mitrali, mlango kati ya vyumba vya kushoto vya moyo: nani apelekwe kwa mpasuaji? Eksirei ilimpa kivuli cha moyo tu, mlango huo haukuonekana. Mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz alijua kuwa Kockums, waunda meli wa Malmö, walitafuta nyufa ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti. Wakaazima mashine kwa siku chache, kisha Siemens ikawapa nyingine, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakanasa mwangwi wa moyo ukitembea. Ilikuwa mistari mitupu, na Edler mwenyewe aliisoma vibaya mwanzoni. Mwangwi alioudhani ni wa ukuta wa mbele wa chumba cha juu ulikuwa wa kibawa cha valvu yenyewe. Maiti ndizo zilizomsahihisha, alipochoma chuma chenye ncha kufuata njia ya mawimbi.

Huko Indianapolis, daktari Harvey Feigenbaum alianza kazi hii mwaka 1963, akaonyesha kuwa maji yaliyouzunguka moyo hutambulika bila kuchoma sindano. Pengine sifa yake kubwa zaidi ni ualimu: aliwafundisha hata wasio madaktari kushika kifaa, akatoa kitabu cha kiada mwaka 1972, na mwaka 1975 akawa rais wa kwanza wa jumuiya ya fani hiyo nchini Marekani.

Kilichoipa fani uzito ni hesabu. Kwa njia ya Doppler, iliyokuzwa na Liv Hatle na wenzake huko Trondheim, Norway, kasi ya damu huwa kipimo cha shinikizo: mita 4 kwa sekunde, zikizidishwa zenyewe kisha mara nne, hutoa milimita 64 za zebaki. Awali jibu hilo lilidai mpira upitishwe mshipani hadi moyoni.

Njia nyingine za kuupiga moyo picha, yaani CT, MRI na picha za nyuklia, zilikuja na vyama na mitihani yao, kila moja kivyake, jambo lililochelewesha umoja wa fani. Mwaka 2012 chama cha Ulaya cha ekokardiografia, yaani upimaji wa moyo kwa mwangwi, kilibadili jina ili kuzikusanya zote.

Mwaka huohuo vilitolewa vigezo vya kimataifa vya kutambua kwa mwangwi madhara ya homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo. Afrika Mashariki homa hiyo bado huharibu valvu za vijana. Mpimaji huitambua mitrali iliyobanwa kabla ya kupima chochote: kibawa cha mbele hakifunguki hadi mwisho, hujikunja kama goti.