Gereza Kama Kipimo cha Historia katika Riwaya za Adam Shafi

Utangulizi

Riwaya ya kihistoria si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. James Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa (1934), P. M. Kareithi akaandika Kaburi bila Msalaba (1969) kuhusu vita vya Mau Mau, na Bernard Mapalala akatoa Kwa Heri Iselamagazi (1992) kuhusu zama za Mirambo. Hata hivyo, ni nadra kumpata mwandishi aliyeishughulikia historia ya mahali pamoja, kitabu baada ya kitabu, hadi kazi zake zikawa kama mfululizo wa hoja moja. Adam Shafi, aliyezaliwa Unguja mwaka 1940, ni mmoja wa hao wachache. Riwaya zake nne, yaani Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Kuli (1979), Vuta N'kuvute (1999) na Haini (2003), zinaisimulia Zanzibar kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1970.

Aghalabu wahakiki wamezitazama riwaya hizi, hususan mbili za mwanzo, kama mifano ya uhalisia wa kijamaa: mnyonge anaonewa, anazinduka, anapambana, anashinda. Mtazamo huu una ukweli, lakini unaikomesha kazi ya Shafi mwaka 1964, ilhali mwandishi mwenyewe hakukomea hapo. Makala haya yanadai kwamba maana ya kazi za Shafi haiwezi kupatikana katika riwaya moja pekee, bali katika mpangilio wa uandishi wake. Mpangilio huo unaonekana wazi zaidi kwa kuifuatilia taasisi moja ambayo mwandishi anairejea mara kwa mara, nayo ni gereza.

Jawabu Kabla ya Swali

Jambo la kwanza linalostahili kuzingatiwa ni kwamba Shafi hakuiandika historia kwa mfuatano wa matukio. Alianza na Mapinduzi ya Januari 1964 katika Kasri ya Mwinyi Fuad. Mwaka uliofuata alirudi nyuma hadi mgomo mkuu wa 1948 katika Kuli. Kisha ikapita miaka ishirini kabla hajaitoa Vuta N'kuvute, ambayo inahusu harakati za kupinga ukoloni katika miaka ya 1950. Mwishowe, katika Haini, akayavuka Mapinduzi na kuingia katika kipindi kilichofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Kwa maneno mengine, Shafi alianza na jawabu, akalitafuta swali lililozaa jawabu hilo, halafu akarudi kulipima.

Katika Kasri, jawabu halina wasiwasi. Kasri ni alama ya tabaka la mamwinyi, na mashamba ya mikarafuu yanayoizunguka ni alama ya jasho la wanaonyonywa. Fuad amechorwa kwa kejeli kali, na kuanguka kwake ni lazima kama vile usiku unavyofuatwa na asubuhi. Msimulizi anajua yote, na la muhimu zaidi, anajua mwisho. Mhusika anayempa msimulizi huyu taabu ni Kijakazi, mtumishi ambaye utii umemwingia mwilini kiasi kwamba uhuru unapokuja haumkuti tayari kuupokea. Hapa ndipo riwaya inapopata uhai wake. Ardhi inaweza kutaifishwa kwa amri ya serikali, kama ilivyofanyika 1964, lakini mazoea ya kuinama hayaondolewi kwa amri.

Pamoja na hayo, riwaya hii ina kimya kizito. Kwa kuwa mwinyi ni Mwarabu na wanaomtumikia ni Waafrika, mstari wa tabaka na mstari wa asili unapita mahali pamoja, wala msimulizi haoni haja ya kuitenganisha. Msomaji anayejua kwamba Mapinduzi yale yaliwagharimu maisha watu wengi kwa sababu ya asili yao, wala si kwa sababu ya mali zao, hapati katika Kasri nafasi ya kuwaombolezea. Huu si upungufu wa taarifa bali ni upungufu wa umbo. Msimulizi mwenye hakika ya mwisho hana mahali pa kumweka mtu asiyestahili mwisho huo.

Gereza la Mkoloni

Kuli imesimama imara zaidi, pengine kwa sababu inazungumzia jambo ambalo lilikuwa bado halijajulikana mwisho wake kwa waliolitenda. Mgomo wa 1948 haukuzuka peke yake. Wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma Januari 1947, na wale wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma Septemba mwaka huo huo. Rashidi, kijana wa makuli, anaingia katika mkondo huo bila kujua kina chake. Georg Lukács, katika utafiti wake wa mwaka 1937 kuhusu riwaya ya kihistoria, alidai kwamba shujaa anayefaa zaidi katika utanzu huu si mfalme wala jemadari, bali mtu wa wastani ambaye mikondo mikuu ya zama zake inapita ndani yake. Rashidi ni mtu wa namna hiyo. Anachokijua kwanza ni uzito wa gunia begani, na elimu yake ya siasa inaanzia kwenye uchovu wa mwili.

Inapofika kwa Faraji, mwanaharakati anayemfunza Rashidi, riwaya hulegea. Faraji huzungumza kwa hotuba, naye hakosei kamwe. Dosari hii imetajwa na wahakiki wengi, na hapana haja ya kuitetea. La kuzingatiwa hapa ni kwamba Rashidi anapoangukia mikononi mwa dola ya kikoloni, kukamatwa kwake kunathibitisha kwamba alikuwa na haki. Gereza la mkoloni ni kama cheti cha ushujaa. Msomaji anajua nani adui na nani rafiki, na kuta za gereza ndizo zinazochora mpaka huo.

Vuta N'kuvute inauhifadhi mpaka huo, ila inaanza kuutikisa. Denge, aliyesoma Urusi na kurudi na vitabu na itikadi, anasakwa na makachero wa Kiingereza, anakamatwa, na mateso yake yanamtakasa kama yalivyomtakasa Rashidi. Lakini riwaya haikufunguliwa kwa Denge. Ilifunguliwa kwa Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mzee mwenye duka. Gereza la kwanza katika riwaya hii ni nyumba ya ndoa, na askari jela wake ni jamaa wa msichana mwenyewe. Yasmin anapotoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika maskini.

Uamuzi huu wa kisanaa ni mzito kuliko unavyoonekana. Miaka ishirini na moja baada ya Kasri, Shafi anauweka moyo wa riwaya yake kwa binti wa jamii ambayo katika hesabu ya Mapinduzi ilihesabiwa upande wa wenye nacho. Mstari wa asili na mstari wa tabaka sasa umetengana. Yasmin anampenda Denge, lakini haikubali kila hoja ya Denge. Anavutwa na siasa, anavutwa na maisha, na jina la riwaya linauelezea mvutano huo. Kwa njia hii Vuta N'kuvute ni marekebisho ya Kasri, japokuwa mwandishi hatamki hivyo. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya hii, nayo iliutambua mvutano huo kwa kuyafungamanisha mapenzi ya wawili hao na harakati za uhuru.

Gereza la Wenyewe

Haini ndiyo riwaya inayozilazimisha zile tatu zisomwe upya. Kiongozi wa nchi anauawa, na wimbi la kamatakamata linamkumba Hamza pamoja na wengine wengi. Jambo linalotisha si mateso pekee, kwani mateso yalikuwapo pia chini ya mkoloni. Linalotisha ni kwamba askari jela na mfungwa wanaimba wimbo mmoja. Wote ni wana wa Mapinduzi. Neno "haini" halimtambulishi tena mtu aliyetenda jambo fulani, bali humtambulisha yeyote ambaye dola imeamua kumwita hivyo. Kuta za gereza, ambazo katika Kuli zilimwonyesha msomaji nani mwenye haki, sasa hazionyeshi kitu.

Badiliko hili la maudhui linaambatana na badiliko la fani. Usimulizi uliokuwa ukitazama kutoka juu sasa umebanwa ndani ya chumba cha giza. Mfungwa hajui ameshitakiwa nini, hajui nani amemtaja, hajui kama mkewe yu hali gani. Taharuki ya riwaya haitokani na swali la nani atashinda, bali hutokana na swali la nini kitasemwa mtu akizidiwa na maumivu. Kwa mara ya kwanza msimulizi wa Shafi hadai kuujua mwisho wa historia. Kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo mara ya kwanza historia yake inaaminika katika kila ukurasa.

Ipo hoja inayoweza kutolewa dhidi ya usomaji huu, kwamba Haini ni toba, yaani mwandishi ameyakana aliyoyasema ujanani. Hoja hiyo haina mashiko. Kipimo kinachotumiwa kuihukumu dola katika Haini ni kile kile kilichotumika kumhukumu bepari na mkoloni katika Kuli, nacho ni mwili wa mtu mnyonge. Mgongo uliobebeshwa magunia ndio uliopigwa mijeledi. Shafi hakubadilisha hakimu, alimbadilisha mshitakiwa.

Hata hivyo, haimfai mhakiki kuifumbia macho dosari ya Haini. Wanawake walio nje ya gereza wameachiwa kazi ya kungoja na kulia, jambo linalosikitisha kwa mwandishi aliyekwisha kumuumba Yasmin. Aidha, watesaji ni wahusika bapa. Msomaji angetaka kujua ni njia gani iliyomtoa kijana wa Mapinduzi hadi akashika mjeledi, kwa kuwa hapo ndipo lilipo swali gumu kuliko yote ambayo riwaya inayazusha.

Hitimisho

Kasri na Kuli zilichapishwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House, shirika la umma. Haini ilichapishwa Nairobi na Longhorn, miaka thelathini na mmoja baada ya tukio linaloizaa. Safari hiyo ya vitabu ni sehemu ya historia inayosimuliwa ndani yake, kwani mwenye kovu usidhani kapoa. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake Kuli bila Haini anawapa nusu ya hoja, na ni ile nusu isiyomuudhi mtawala yeyote aliye madarakani. Vivyo hivyo, anayefundisha Haini bila Kuli huwaacha wanafunzi wakidhani kwamba walioasi mwaka 1948 na 1964 hawakuwa na sababu. Mafanikio ya Adam Shafi kama mwanariwaya wa historia ni kukataa kumpa msomaji faraja ya upande mmoja. Alimfuata mnyonge hadi bandarini, akamfuata hadi kwenye kasri iliyoanguka, na mlango wa gereza jipya ulipofungwa, akaingia naye ndani.