Heko Waigizaji wa Muhogo Mchungu

Kijana wa Rahaleo, Mtwara, anayetamani kuigiza filamu anao watangulizi wa kujivunia. Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya mwaka 1952, ilimweka mbele ya kamera Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, akiigiza mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam. Wapo watakaosema hiyo ilikuwa filamu ya serikali ya kikoloni, iliyotumikia malengo yake. Ni kweli, mkoloni ndiye aliyegharamia. Lakini sauti, mwendo na mzaha vilitoka kwa waigizaji wenyewe. Bila wao hadithi ingekosa uhai. Wala kipaji hakikufungwa na kusudi la mlipaji: mwaka 1962 Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Waigizaji hao wanastahili heshima ya waasisi.