Fani Mikononi mwa Msomaji: Uhakiki wa Kitabu cha Kufunua

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tunapohakiki hadithi tumezoea kuuliza nani anasimulia na kwa nafsi ipi. Vitabu vya picha kuhusu ustaarabu wa kale, vile vyenye vifuniko vya kufunua, bahasha na ramani za kukunjua, vinatudai swali jingine: msomaji anafanya nini kwa vidole vyake?

Chukua Egyptology, kilichotolewa Uingereza mwaka 2004, maandishi yakiwa ya Dugald Steer. Kimetungwa kama shajara ya Emily Sands, mhusika wa kubuni anayelitafuta kaburi la Osiris mwaka 1926. Usimulizi wa shajara si mgeni kwetu. Jipya ni kwamba barua hainukuliwi. Imo ndani ya bahasha nawe huna budi kuitoa mwenyewe. Taharuki inazaliwa na mkono. Hapo wasanifu wamefaulu, na sifa hiyo wanaistahili.

Walakini, tazama tunaazimwa jicho la nani. Tunaingia kaburini na mgeni mwenye kusaka hazina; mwenyeji wa Misri hatushikishi kalamu yake. Kasoro ya pili ni ya gundi. Nakala niliyoikuta kwenye vitabu vya mitumba karibu na Adams Arcade ilikuwa na bahasha tupu: shajara inakuelekeza kwenye barua, barua haipo, na msuko unakatika. (Muuzaji aliisifu kuwa nyepesi.) Kitabu hiki kilisanifiwa mtoto mmoja chumbani mwake, wala si maktaba ya shule ambamo nakala moja hupita mikono hamsini.

Sasa fikiria Gedi, karibu na Malindi, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. James Kirkman alipoanza kuichimbua mwaka 1948, nyumba zilikuja kuitwa kwa vitu vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Kila jina ni kifuniko kinachongoja kufunuliwa! Kuna pia kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria. Mwanafunzi afunue apate 1399, kisha ajiulize kwa nini mji wa msituni ulihesabu miaka kwa kalenda hiyo, na sarafu ya Uchina ilifikaje huko.

Mwalimu anaweza kuujaribu ukurasa huo kwa karatasi ya manila. Kila kifuniko kigundishwe ukingo mmoja, pasiwe na kipande kinachotoka. Msimulizi awe mkazi wa mji, si mchimbaji. Ukifika pale watu walipouhama, usifiche jibu moja: wataalamu wametaja visima kupungua maji, wakataja pia uvamizi. Weka kila sababu chini ya kifuniko chake, na cha mwisho kiache kitupu, mwanafunzi aandike yake kwa penseli.